Kwaya isisubiri jeneza

Ukitaka kujua Kyela ina waimbaji wangapi, nenda msibani. Mtu akifariki Ipinda, Ngonga au Matema, jua halijazama turubai limeshafungwa, masufuria ya wali yako jikoni na kwaya imejipanga chini ya mwembe kwa sauti nne. Upande wa pili kuna ngoma, au spika za kukodi na jenereta lake. Wataimba usiku kucha, wataimba jeneza likitolewa ndani, wataimba udongo ukirudishwa. Huyo anayeimbiwa huenda alilala wodini wiki tatu kabla ya kukata roho, na kwa wiki zote hizo muziki pekee uliomfikia ni mlio wa simu ya kitanda cha jirani.

Hoja ya makala haya ni fupi. Sehemu ya uimbaji huo ihamishwe, imfikie mtu kitandani akiwa bado anasikia. Zipo hospitali duniani ambako muziki umekuwa sehemu ya huduma, una watu wake, muda wake na miiko yake, na upo ushahidi wa kitabibu kwamba unapunguza maumivu na hofu. Kyela ina karibu kila kinachohitajika. Kinachokosekana ni utaratibu.

Muziki wa wafiwa

Kuimba msibani hakukuanza na kwaya. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela na jirani zake, kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alichapisha maandiko yake kuhusu mazishi mwaka 1939, na Monica akaendeleza kazi hiyo katika kitabu cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo. Waliona wanawake wakilia kwa sauti karibu na maiti, na wanaume, hasa vijana, wakicheza na mikuki kwa mdundo wa ngoma kubwa. Mchezo ulianza kwa uchungu na hasira, kisha ukabadilika kidogo kidogo, hadi watu wakaanza kutaniana na vijana kutupiana macho. Ngoma ilikuwa na kazi: kumtoa mfiwa kwenye kilio na kumrudisha kwa walio hai.

Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walifika nchi ya Konde, yaani nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891. Zikaja nyimbo za sauti nne, zikaja tarumbeta, na kwaya ikashika nafasi kubwa iliyokuwa ya ngoma. Lakini kazi ya muziki msibani ilibaki ileile. Watu wa ukanda huu, basi, hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba wimbo hutuliza moyo. Wanalijua hilo tangu enzi za mababu. Ila dawa hiyo wameiweka upande wa wafiwa. Mgonjwa mwenyewe amebakiziwa dripu, uji na maombi ya haraka saa ya kutazama wagonjwa inapokaribia kwisha.

Ukivuka Mto Songwe na kuingia kaskazini mwa Malawi utakuta mapokeo mengine. Watumbuka wana Vimbuza, ngoma ya uganga ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke anayesumbuliwa na maradhi ya nafsi, hupigiwa ngoma usiku. Kila roho inaaminika kuwa na mdundo wake, na wapigaji huujaribu mmoja baada ya mwingine mpaka mwili wa mgonjwa uitikie. Ngoma za pepo za pwani na Zanzibar zinafuata mantiki inayofanana na hiyo.

Tiba hizo humwamsha mtu. Mgonjwa wa saratani aliyekonda, au mzee ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, haombi kuamshwa. Anataka apumue bila taabu, asinzie, na usiku usimtishe. Muziki unaozungumzwa hapa ni wa namna hiyo.

Kutoka Edirne hadi Montreal

Muziki wa kutuliza wagonjwa si jambo la jana. Mjini Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid II alijenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika hapo katika karne ya 17, aliandika kwamba wanamuziki 10 walilipwa ili waje mara tatu kwa wiki kuwaimbia na kuwapigia ala wagonjwa, wakiwemo wenye maradhi ya akili. Kwa hiyo tiba hii haina dini moja wala bara moja.

Taaluma ya kisasa ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, pale hospitali za Marekani zilipojaa askari waliojeruhiwa mwili na akili, wanamuziki wa kujitolea wakaanza kuwatembelea, na madaktari wakagundua kwamba nia njema bila mafunzo haitoshi. Mwaka 1978 Susan Munro, mtaalamu wa tiba ya muziki, na Dk. Balfour Mount waliandika katika jarida la madaktari wa Kanada namna walivyotumia muziki kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona katika hospitali moja ya Montreal. Mwaka 1992 Therese Schroeder-Sheker alihamishia shughuli zake za kupiga kinubi kando ya vitanda vya wanaokufa katika hospitali ya mji wa Missoula, Marekani, na kuwafundisha wengine.

Kinubi kilipendwa kwa sababu za kawaida kabisa. Sauti yake haishtui, hufifia taratibu, na mpigaji anaweza kukaa karibu na kitanda akimtazama mgonjwa usoni. Sifa hizo zimo pia katika ilimba ya Wagogo na katika ligombo la Wahehe. Zimo, zaidi ya yote, katika sauti ya binadamu anayeimba kwa chini.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yaliyohusisha karibu wagonjwa 7,000 wa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki walipata maumivu kidogo zaidi, walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi na walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu kuliko wenzao. Siku zao za kulazwa, hata hivyo, hazikupungua. Kwa upande wa saratani, mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio 81 yenye washiriki 5,576, na kuona kwamba muziki unaweza kupunguza wasiwasi, maumivu na uchovu kwa watu wazima.

Ushahidi kwa wagonjwa walio ukingoni mwa maisha ni mwembamba zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2010 yalipata tafiti tano tu zenye watu 175. Yalionyesha dalili njema upande wa ubora wa maisha, lakini watafiti wenyewe walikiri kwamba msingi huo ni dhaifu. Si rahisi kumfanyia majaribio mtu aliyebakiza siku chache.

Namna muziki unavyofanya kazi inaeleweka kwa sehemu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa ya maumivu haipiti moja kwa moja kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo. Njiani, katika uti wa mgongo, kuna kama lango linaloweza kufunguliwa zaidi au kubanwa, na ubongo wenyewe unachangia kulibana. Hofu na upweke huliachia. Utulivu na kitu cha kushika akili husaidia kulibana. Pamoja na hayo, mwili una tabia ya kufuata mdundo: ukisikiliza wimbo wa polepole kwa muda, pumzi na mapigo ya moyo huelekea kupungua kasi.

Watu wengi walioketi kando ya anayekata roho husema kwamba sikio ndilo la mwisho kuzima. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, wakiongozwa na Elizabeth Blundon, walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi ambao hawakuweza tena kuitika. Ubongo wa baadhi yao ulionyesha kutambua mabadiliko ya sauti. Utafiti huo hauthibitishi kwamba wanaelewa kinachosemwa au wanautambua wimbo. Lakini unatosha kutuzuia kuzungumzia gharama za jeneza kando ya kitanda cha mtu tunayedhani hasikii.

Kwetu imeshafanyika

Afrika Mashariki ilijifunza kumhudumia mgonjwa asiyepona kwa shule chungu ya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 uliukuta Mkoa wa Mbeya ukiongoza Tanzania Bara, takriban asilimia 14 ya watu wazima wakiwa na virusi, na Kyela, iliyo mpakani na kwenye bandari ya ziwa, haikusalimika. Miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika, shirika la KIHUMBE la Mbeya lilikuwa likiwahudumia wagonjwa majumbani, na baadaye kikundi chake cha sanaa kikazunguka kikifikisha ujumbe kwa ngoma na maigizo. Nchini Uganda, shirika la TASO lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987 lilikuwa na vikundi vya kwaya na maigizo vya watu waliokuwa wenyewe wanaishi na virusi. Wagonjwa ndio waliokuwa waimbaji. Aliyefichwa chumba cha nyuma na ndugu zake alisimama mbele ya kijiji na kuimba hali yake.

Hospisi nazo zilikuja kipindi hichohicho: Nairobi mwaka 1990, kisha Hospice Africa Uganda ya Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Kwetu hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Selian ya Arusha ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zilianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Msingi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, ulitoka kwa Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Ukitibu upande mmoja umemtibu robo mtu.

Hapo ndipo muziki unapopata mahali pake, na mipaka yake pia. Saratani iliyofika kwenye mifupa haitulizwi kwa wimbo. Inatulizwa kwa mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa nne kwa kipimo kinachopangwa na daktari, na Uganda iliona umuhimu wake kiasi cha kuwaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Atakayemwimbia mgonjwa anayegumia badala ya kumtafutia dawa anamdhulumu. Wimbo hufuata dawa: maumivu yakishashuka, unashughulikia kile ambacho chupa ya mofini haikifikii.

Kando ya kitanda

Chukua mfano wa bibi mwenye maradhi ya moyo, ameegemezwa mito miwili, mdomo wazi, anapumua mara 28 kwa dakika wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Mwimbaji mwenye ujuzi haanzi na wimbo. Anasema shikamoo, anataja jina lake, anaketi kwenye kigoda ili uso wake uwe chini kidogo ya uso wa bibi, na anauliza kama angependa kuimbiwa na angependa upi. Akikubaliwa, anatazama kifua. Anaanza kwa mwendo uleule wa pumzi za bibi, sauti ya chini, bila maneno, mdomo umefungwa. Baada ya dakika mbili anapunguza mwendo kidogo sana. Pumzi zikifuata, anapunguza tena, na hapo ndipo maneno yanaweza kuingia. Zisipofuata, anarudi nyuma asimlazimishe. Macho yake yako kwenye paji la uso lililokunjamana, kwenye vidole vilivyokamata shuka, kwenye mabega. Vidole vikiachia shuka, wimbo unafanya kazi. Kichwa kikigeukia ukutani, ni wakati wa kunyamaza.

Ujuzi huo ni tofauti kabisa na ule wa jukwaani. Kwaya zetu zimezoea watu 30, kinanda, spika na mashindano ya kujaza uwanja. Kitandani wanatosha wawili au watatu, bila kipaza sauti, kwa robo saa. Tena wodi ina vitanda vingine. Jirani aliyetoka chumba cha upasuaji saa mbili zilizopita naye ana haki ya kulala.

Kuchagua wimbo ndiko penye mtego mkubwa zaidi kwa Kyela. Kwa kuwa tumezoea kuimbiana msibani, nyimbo za polepole zimeshika harufu ya mazishi. Mgonjwa akisikia kandoni mwake wimbo aliousikia mara ya mwisho kaburini kwa kaka yake, ataelewa kwamba ameshahukumiwa. Dawa ni kumwachia mwenyewe achague. Wengi hawatachagua wimbo wa kanisani. Atakuwepo mama atakayetaka wimbo wa Kinyakyusa wa kubembeleza mtoto aliouimba akiwa na miaka ishirini, mzee atakayetaka wa kuvuna mpunga au muziki wa dansi wa ujana wake, na kijana atakayetaka Bongo Fleva. Mgonjwa Mwislamu anaweza kupenda kaswida, au asitake ala yoyote ila kusomewa Kurani na ndugu zake. Waimbaji wa kanisa wampishe kwa heshima.

Miiko mingine haihitaji maelezo marefu. Ruhusa ya muuguzi mfawidhi wa wodi kwanza. Mikono ioshwe kabla na baada ya kila kitanda. Mahubiri, sadaka na kumshurutisha mtu atubu vibaki nje ya mlango. Picha zisipigwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, mtu aliyevaa shuka la hospitali si tangazo la kwaya.

Kisha kuna suala la magonjwa ya hewa. Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya na 53 kati yao wakaugua Uviko-19; wawili walifariki. Kuimba hurusha matone mbali kuliko kuzungumza. Wodi ya kifua kikuu isiimbiwe, na mwimbaji mwenye mafua abaki nyumbani.

Nani aanze, na wapi

Kwa wilaya hii mahali pa kuanzia hapatafutwi kwa tochi. Kyela mjini kuna hospitali ya wilaya. Ipinda kuna kituo cha afya. Matema, chini ya Milima ya Livingstone, kuna hospitali ya KKKT Dayosisi ya Konde, na katika hospitali za kanisa kuimba kwenye sala ya asubuhi ni jambo la kila siku. Kwaya ziko kila kitongoji, na wengi wa wanakwaya ni wakulima wa mpunga na kakao ambao baada ya msimu wa shamba hupata nafasi.

Wapo watakaosema hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi na dawa, iweje tuzungumzie nyimbo? Hoja hiyo ina uzito kama muziki ungechota kwenye mfuko wa dawa. Hauchoti. Hauhitaji jengo, mashine wala mshahara, na muuguzi hapotezi muda wake. Kinyume chake, mgonjwa aliyetulia hamwiti kila dakika kumi. Gharama yake ni nidhamu: kufika siku iliyoahidiwa hata mvua za masika zikiharibu barabara, na kukubali kuimba mahali ambapo hakuna atakayepiga makofi.

Wengi, isitoshe, hawafii hospitalini. Mgonjwa wa saratani wa Kyela aliyepelekwa Mbeya, na pengine hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, akiambiwa tiba imefika mwisho hurudishwa nyumbani, kwenye kitanda cha kamba chumba cha pembeni. Anayemuuguza ni mke, binti au mkwe, naye mara nyingi hajui afanye nini akishamlisha na kumgeuza. Huyo naye aambiwe kwamba anaweza kuimba. Sauti mbaya si tatizo, kwani mgonjwa ameizoea miaka 30. Asipoweza, simu ndogo yenye kadi ya nyimbo iwekwe karibu na mto, sauti ikiwa chini, izimwe baada ya nusu saa. Muziki unaolia kutwa nzima hugeuka kelele.

Jumamosi ya pili ya Oktoba kila mwaka ni Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa Duniani. Ombi la makala haya kwa viongozi wa kwaya za Ipinda ni kwamba wasiisubiri. Wiki hii wachague waimbaji watatu wenye sauti ya chini na subira, wamwone mganga mfawidhi wa kituo, wamwombe muuguzi awafundishe usafi na namna ya kukaa na mgonjwa, kisha wapange siku moja kwa wiki, saa kumi jioni, robo saa kwa kila atakayeridhia. Kwa mganga mfawidhi ombi ni jepesi zaidi: wakija, wasikilizeni, muwapangie siku.

Na wewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, muulize leo wimbo anaoupenda. Mwimbie.